Kozi ya Biblia ya jioni, Njombe: nilipata 94 ya Amosi, gunia langu likiwa na kilo 132

Nimemaliza kozi ya cheti ya Biblia, ya jioni, miezi 10, katika chuo kimoja cha kanisa hapa Njombe mjini. Watu wengi wameniuliza kama inafaa, wengine kwa simu, wengine wakinisimamisha sokoni, nikaona niandike mara moja kwa utulivu. Jina la chuo silitaji, kwa sababu mengi nitakayoyasema yananihusu mimi kuliko wao, na kwa sababu vyuo vya namna hii viko karibu kila mji wenye kanisa kubwa. Ukisoma utajua uangalie nini kwenye kile kilicho karibu nawe.

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo. Nanunua vijijini upande wa Uwemba, napeleka Dar es Salaam, soko la Mabibo. Pia ni mzee wa kanisa, huu mwaka wa sita. Nalisema mapema kwa sababu bila hilo maoni yangu hayataeleweka.

Mambo ya kawaida kwanza. Ada ni shilingi 270,000, unalipa kwa awamu tatu, na vitini vyote 40,000. Vipindi ni Jumanne na Alhamisi, saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku, kuanzia Februari hadi Novemba. Tulianza watu 26, tukamaliza 21. Ukumbi una madirisha mawili yasiyofunga sawasawa, na baridi ya Njombe ya Juni na Julai mnaijua, asubuhi nyasi zinaamka nyeupe. Nenda na blanketi wala usione haya, hata mkufunzi alikuja na lake. Saa 12 na nusu kuna chai ya tangawizi na maandazi, imo ndani ya ada. Umeme ukikatika wana taa za sola, na katika miezi yote 10 hatukuahirisha kipindi hata kimoja kwa ajili ya giza.

Ufundishaji ni mzuri, na hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Wapo ndugu zetu ambao wakisikia habari za chuo cha Biblia wanasema andiko huua bali roho huhuisha, basi wameshamaliza mjadala. Mimi nilikuwa nasoma Biblia miaka 20 bila kujua kwamba Amosi alikuwa mtu wa Tekoa, kule kusini katika Yuda, mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, akatumwa kwenda kuwasemea watu wa ufalme wa kaskazini waliokuwa wamenenepa kwa biashara siku za Yeroboamu wa pili. Nilikuwa naokota mstari mmoja hapa na mwingine pale, kama mtu anayechagua viazi vikubwa na kuviacha vidogo ardhini. Chuoni nilifundishwa kukisoma kitabu kizima, kuuliza nani anasema, anamwambia nani, kwa nini siku ile. Kwa hilo tu ningelipa ada ile mara mbili.

Mkufunzi wetu wa Agano la Kale ni mchungaji mstaafu, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ndogo inayowalazimu watu kunyamaza. Tulipofika kwenye Amosi mlango wa 8, pale wafanyabiashara wanaposema sabato itapita lini ili wapunguze efa, kipimo cha nafaka, na kuiongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha ya mnunuzi, alitoka nje akarudi na debe. Debe letu hili hili la bati, la lita 20. Akaliweka mezani, akaligonga kwa kidole, likalia. Akatuambia efa inakadiriwa kuwa lita 22 hivi. "Kwa hiyo mkisoma efa, msione kitu cha ajabu cha Kiyahudi. Oneni debe." Darasa zima likaangua kicheko cha furaha, kwa sababu ghafla Amosi alikuwa amehamia sokoni kwetu.

Halafu akauliza nani kati yetu anafanya biashara ya mazao. Nikanyosha mkono. Akaniita mbele niwaeleze wenzangu jinsi debe linavyodanganya. Nikaeleza vizuri sana. Nikawaonyesha debe lililobonyezwa ubavuni, jinsi tumbo lake linavyoingia ndani na kupunguza kilo. Nikaeleza habari ya kukung'uta na kutokukung'uta, habari ya kujaza kwa kichuguu unaponunua na kusawazisha kwa mkono unapouza. Nilisema kwa dakika 10. Wakanipigia makofi, mkufunzi akanishukuru, nikarudi kukaa.

Sikusema neno hata moja kuhusu lumbesa.

Kwa msomaji asiyeijua: sheria yetu ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha badala ya kulishona unaongeza viazi juu, unavizungushia kamba kama wavu, vijana wanashindilia kwa magoti, linapanda tena, kamba inaendelea kusukwa, mpaka gunia linakuwa na kichwa na shingo. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Na sababu yake si uroho mtupu, ingawa uroho umo. Ushuru unatozwa kwa gunia. Mwenye gari anadai nauli kwa gunia. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia. Mnunuzi wa Mabibo naye anahesabu magunia, na akiona la kwako halina kichwa anakwenda kwa jirani yako. Kwa hiyo kila mtu katika mnyororo ule anapunguza gharama yake kwa kuongeza viazi, na viazi vinavyoongezwa ni vya mtu mmoja tu, yule wa mwanzo, aliyelima.

Alhamisi moja ya Agosti tulirudishiwa mtihani wa Amosi. Nilipata 94, ya kwanza darasani. Swali la mwisho lilikuwa "Fafanua dhana ya haki ya kijamii katika kitabu cha Amosi," nikaandika kurasa tatu, mkufunzi akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Safi sana."

Ijumaa asubuhi nilikuwa Uwemba kwenye shamba la mama mmoja, mjane, mtu mzima wa kumzaa mama yangu. Tukasalimiana "Kamwene," akatuandalia uji. Kabla ya kupakia niliwaomba wote tusimame tuombe. Ilikuwa desturi yangu kila shamba. Siku ile niliomba maombi mazuri kuliko siku zote. Nilimwita Mungu afanyaye Kilimia na Orioni, ageuzaye uvuli wa mauti kuwa asubuhi, maneno ya Amosi 5 niliyokuwa nimeyakariri kwa ajili ya mtihani. Nikaliombea shamba lake. Akaitikia amina kwa sauti, akafuta macho kwa kanga. Kisha vijana wakaanza kujaza.

Alisimama kando akitazama gunia la kwanza likipanda. Lilipofika kwenye kamba akasema, taratibu, bila hasira, "Mwanangu, hilo gunia limebeba mtoto mgongoni." Nikamwambia, "Mama, ndivyo soko linavyotaka." Akatikisa kichwa kukubali. Akaniambia amesikia nasomea neno la Mungu, ni jambo jema, niendelee kuwaombea. Alitoa magunia 14.

Jumamosi usiku gari letu, Fuso, lilikuwa kwenye foleni ya mizani ya Makambako. Magunia 80, turubai juu, dereva na utingo wake wakizungumza mpira, mimi katikati na tochi ya simu. Jumanne tulikuwa na mtihani wa Hosea, na mkufunzi alikuwa ametuagiza tusome milango yote 14 kwa kikao kimoja bila kusimama. Nilikuwa nafanya hivyo.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu ukumbi wetu. Ukutani, nyuma ya meza ya mkufunzi, kuna kitambaa cheupe chenye maandishi ya buluu: "Watu wangu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa. Hosea 4:6." Ni kaulimbiu ya chuo. Nilikaa chini ya kitambaa kile miezi yote nikiamini kwamba kila Jumanne na Alhamisi ninaokolewa kutoka kwenye maangamizi, kitini kimoja baada ya kingine. Sasa ndani ya gari, nikisoma kwa mfululizo, nikaona mlango ule unaanza vipi. Mstari wa 1 unasema hakuna kweli, wala fadhili, wala kumjua Mungu katika nchi. Mstari wa 2 unaonyesha kutokumjua Mungu kunafananaje: kuapa kwa uongo, kuua, kuiba. Na makuhani, ambao ndio wanaokemewa katika mstari wa 6, hawakuwa wajinga. Sheria walikuwa nayo. Hayo maarifa anayoyalilia Hosea si yale ninayoandika kwenye karatasi ya mtihani. Yeremia 22 anasema jambo hilo hilo kuhusu mfalme Yosia, kwamba aliamua kesi ya maskini kwa haki, kisha Bwana anauliza, je, huko siko kunijua mimi?

Nikaendelea. Mlango wa 12, mstari wa 7. Mchuuzi, mizani ya udanganyifu iko mkononi mwake, naye anapenda kudhulumu. Na mstari unaofuata Efraimu, yaani ule ufalme wa kaskazini, anajibu kwamba ametajirika, na katika kazi zake zote hakuna mtu atakayeona uovu.

Gari likapanda kwenye mizani. Dereva akarudi na karatasi: kilo 17,460. Chini ya kiwango, tunaruhusiwa kupita. Nikamuuliza gari tupu lina kilo ngapi. Akasema 6,900. Nikafanya hesabu nyuma ya kitini cha Hosea, kwa kalamu ile ile ya kupigia mistari aya muhimu. 10,560 gawanya kwa 80. Ikaja 132, kamili, bila hata sehemu.

Kilo 32 kila gunia. Magunia 80. Kilo 2,560 za viazi ambazo hakuna aliyelipwa.

Nilijaribu kuomba pale pale. Nikaanza, "Ee Bwana wa majeshi, wewe uliyenena kwa kinywa cha Hosea mwana wa Beeri..." nikanyamaza. Nilijisikia naandika insha. Nikatafuta maneno mengine ndani yangu sikuyapata, yote yalikuwa ya darasani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu Machi au Aprili sikuwa nimeomba kweli. Nilikuwa nimesema mengi kuhusu Mungu, mbele ya watu na peke yangu, lakini kumwambia yeye neno, hapana. Ilikuwa kama mtu anayekaa nyumba moja na baba yake, anajua tarehe yake ya kuzaliwa, kabila la bibi yake, shule aliyosoma, na hawajasalimiana miezi mitano.

Sasa sikieni, maana hapa ndipo kiini cha yote ninayotaka kusema. Jumanne nilifanya mtihani wa Hosea nikapata 91. Na nilifunga safari nyingine mbili za lumbesa. Nilikuwa nimeshajua. Nilijua mlango na mstari, nilijua kilo, nilijua sura ya yule mama. Kujua dhambi yangu kwa usahihi ule kukawa somo jingine nililolifaulu. Hata nililifundisha kwenye jumuiya, nikaeleza Hosea 4 na Hosea 12 zinavyoshikana, watu wakaguswa, mmoja akalia. Nikarudi nyumbani nikalala, kesho yake nikapigia vijana simu wakatafute kamba.

Makuhani wa Herode walikuwa hivyo. Mamajusi walipouliza mfalme wa Wayahudi amezaliwa wapi, hawakupekua vitabu siku tatu. Walijibu mara moja, Bethlehemu, nabii ameandika. Walikuwa sahihi. Kutoka Yerusalemu mpaka Bethlehemu ni mwendo wa saa mbili hivi kwa miguu, na Mathayo haandiki kwamba hata mmoja wao alitoka kwenda kuangalia.

Kuna jambo jingine la miezi ile linaloniuma hadi leo. Katika jumuiya yetu kuna mwinjilisti mzee, ametulea wote. Jioni moja alifundisha habari ya ngamia na tundu la sindano, akasema Yerusalemu palikuwa na lango dogo liitwalo tundu la sindano, ngamia alipita kwa kupiga magoti. Mimi nilikuwa nimetoka kufundishwa wiki ile ile kwamba hakuna ushahidi wa lango hilo. Nikanyosha mkono nikamsahihisha, mbele ya wajukuu zake. Nilikuwa sahihi. Alisema, "Asante, mzee, wewe umesoma," akafunga Biblia, akaomba kwa kifupi tukatawanyika. Hajaongoza jumuiya tena. Nimekwenda kwake mara mbili kuomba radhi, amenipokea vizuri, amenipa chai, lakini zamu yake ikifika anasema macho yamechoka. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba ujuzi huleta majivuno bali upendo hujenga. Niliujua mstari ule, uko mlango wa 8 wa waraka wa kwanza, na unahusu nyama zilizotolewa kwa sanamu. Hata wakati namnyamazisha yule mzee niliujua.

Nirudi kwenye chuo. Darasani tulikuwa na kijana fundi pikipiki. Mitihani ilimpiga, ya Manabii alipata 48, majina ya wafalme wa Israeli na Yuda yalimchanganya kabisa. Septemba, wakati wa chai, nikamwona amekuja na mfuko wa rambo umejaa vyuma. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni vipuri vya wateja. Alikuwa na tabia ya kumwambia mtu plagi imekufa, anamuuzia mpya, ile nzima anabaki nayo anamuuzia mwingine. Baada ya somo la Amosi, siku ya debe, alianza kuwatafuta wenyewe mmoja mmoja na kuwarudishia. Nikamuuliza ulianzaje. "Nilianza na mmoja, nikaogopa, nikaenda hivyo hivyo. Mzee, majina ya wafalme nikisahau nitafeli tu, lakini plagi ya mtu naiona kila asubuhi mezani kwangu."

Yeye na mimi tulikaa darasa moja, siku moja, tukaona debe moja. Mimi ndiye niliyelieleza.

Usiku ule niliporudi nilipitia stoo kwanza. Palikuwa na magunia tisa ya safari inayofuata, yamesimama na vichwa vyake. Nikakaa juu ya ndoo. Nikasema, "Bwana, nimeiba viazi." Sikuongeza kitu kwa muda mrefu. Sitaki kueleza zaidi ya hapo, kwa sababu sijui kueleza bila kuharibu, ila naweza kusema kwamba nilijua nasikilizwa, jambo ambalo sikuwa nimelijua tangu mwaka unaanza, na nilikata zile kamba mwenyewe kwa kisu.

Kwa hiyo udhaifu wa kozi ni nini? Nimeufikiria sana nisije nikawabebesha walimu mzigo wangu. Hawakunifundisha uongo hata siku moja. Udhaifu ni kwamba katika miezi 10, mitihani 12 na kazi za nyumbani nisizozihesabu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninafanya nini na ninachokijua. Maswali yote yanaanza na taja, eleza, fafanua, linganisha. Siku ya debe, niliporudi kukaa nikipigiwa makofi, lingetosha swali moja: "Na wewe unanunuaje?" Mkufunzi asingepoteza hata dakika. Lakini silabasi ilikuwa inatungoja, tukaenda mlango wa 9. Yesu aliwaambia watu waliokuwa wanayachunguza maandiko usiku na mchana kwamba maandiko hayo yanamshuhudia yeye, wala hawataki kuja kwake. Chuo kinakusindikiza vizuri mpaka mlangoni. Kuingia hawakuulizi, na mtu kama mimi anaweza kukaa pale kizingitini miaka, anasoma kibao cha mlango, anakisifia kimeandikwa vizuri.

Nilimweleza mkuu wa chuo haya yote baada ya mahafali, pamoja na kilo 132. Nilipendekeza kila somo liishe kwa watu wawili wawili kuketi dakika 10, kila mmoja amwambie mwenzake jambo moja atakalolitenda kabla ya kipindi kijacho, na kipindi kijacho waanze kwa kuulizana. Isiwe na maksi. Alisikiliza, akaandika kwenye daftari, akasema mtaala hauko mikononi mwake peke yake lakini atalipeleka. Namwamini.

Kwa anayetaka kujiunga: jiunge. Nakupa neno langu kwamba utafundishwa vizuri na kwa uaminifu, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuimudu akijipanga. Kama una Biblia ya Union Version pekee, azima na ya Habari Njema uzilinganishe, itakusaidia sana kwenye nyaraka za Paulo. Masomo ya Historia ya Kanisa yanakwenda haraka mno, omba vitini mapema usome nyumbani. Mafundisho ya Imani yalikuwa makavu kwangu, labda kwako itakuwa tofauti. Ukiweza, nenda na mtu mnayefahamiana maisha yenu, anayejua unauzaje, unakopaje, unamsemeshaje mkeo, mkae dawati moja. Ukipata alama kubwa mwonyeshe, umwombe akuulize swali ambalo mkufunzi hakuuliza. Kati ya nyota tano nakipa nne, na ile ya tano nimeizuia si kwa chuki.

Biashara yangu imepungua. Nilinunua mizani ya jukwaa iliyotumika, nanunua kwa kilo, magunia yangu yanashonwa mdomoni kwa sindano, hayana vichwa. Mabibo wateja wawili wa zamani wameniacha, mmoja amebaki kwa sababu anasema viazi vyangu vinafika bila kupondeka, maana havishindiliwi tena kwa magoti. Nauli ya gari kwa kilo imenipandia na sijapata dawa yake. Mwezi wa Novemba nilimaliza bila faida yoyote.

Uwemba nilirudi mwezi wa Oktoba. Magunia 14, mara kilo 32, ni kilo 448. Kwa bei ya siku ile, shilingi 60,000 gunia, yaani 600 kwa kilo, ni shilingi 268,800. Nilipoandika tarakimu ile nilikaa kimya, kwa sababu ilipungua shilingi 1,200 tu kufikia ada yangu ya chuo. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Mimi nilikuwa na mara moja tu, nikaiweka kwenye bahasha.

Mama alikuwa anapalilia. Alinawa mikono, akanikaribisha ndani, nikamweleza yote kama nilivyoeleza hapa, na habari ya maombi yangu siku ile shambani nikamweleza. Hakunikatiza. Akazihesabu noti mbili mbili, taratibu, akazifunga kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nangoja aniambie amenisamehe.

Akasema, "Na wengine?"

Nikamwambia bado.

"Yule kijana wa bondeni aliyefiwa na baba yake, ulimchukulia 20. Na wale wa kule juu njia ya msituni." Akataja sita, kwa majina na magunia yao, alikuwa ameyahesabu mwenyewe siku ile akiwa amesimama kando. Nikatoa kalamu nikayaandika kwenye jalada la kitini, nafasi nyingine haikuwepo. Tangu hapo nimepekua madaftari yangu ya misimu miwili. Orodha ina watu 41. Mpaka Jumamosi iliyopita nimeshafika kwa 13.